Faili Zinazoanza na Nukta

Niliporudi Mafia baada ya miaka ya masomo na kazi Dar es Salaam, nilikuja na begi la nguo na kompyuta yangu mpakato, na vidole vilivyokwisha kuzoea. Hili la vidole ndilo watu hawakulielewa. Mama alipokuja kutoka Miburani kunitembelea kwenye chumba nilichopanga Kilindoni, alinikuta siku nzima nimeinama kwenye kompyuta mpya ya mezani niliyopewa na kampuni, nabadilisha hiki, najaribu kile, nafuta, naanza upya.

"Kazi imeanza?" aliuliza.

"Bado, mama. Napanga kwanza."

"Unapanga nini, na kompyuta yenyewe iko mezani?"

Nilimweleza kwamba kila anayeandika programu ana namna yake ya kuiweka kompyuta ikae kama anavyotaka: rangi ya kioo, ukubwa wa herufi, kitufe kipi kifanye nini, maneno gani mafupi yageuke kuwa marefu. Mambo hayo yote yameandikwa kwenye faili ndogo ndogo zilizofichwa, zenye majina yanayoanza na nukta, ndiyo maana mtu wa kawaida hazioni. Zikikosekana, kompyuta inakuwa kama ya mtu mwingine. Mkono unakwenda mahali unapojua pana kitu, unakuta hakipo.

Mama alifikiri kidogo. "Kama kuingia jiko la wifi yako."

Hakuna aliyenieleza vizuri kuliko hivyo, na mpaka leo nikifundisha watu huanzia hapo.

Kazi yangu ilikuwa kuandika programu za kutunza kumbukumbu za kliniki za mama na mtoto. Kampuni yenyewe haina jengo la kujivunia. Mmoja wetu yuko Mwanza, mwingine Dodoma, kiongozi wetu yuko Dar, nami Kilindoni karibu na soko, ambako asubuhi naamshwa na kelele za samaki wanaponadiwa. Tunakutana kwenye mtandao tu. Kwa kuwa maneno ya kliniki yanajirudia mno, nilijitengenezea vifupisho. Nikiandika herufi mbili na kubonyeza nafasi, kompyuta inamalizia yenyewe. "Km" ilikuwa "kadi ya mama". "Sm" ilikuwa "sindano ya mtoto". Vilikuwa vingi, na nilivipenda, maana viliniokolea vidole.

Kisha nikaolewa. Mume wangu ni mtu wa Ujiji, mwalimu wa hesabu, aliyepangiwa shule ya msingi ya Jibondo, kisiwa kidogo jirani na Mafia, akafika huko akiwa hajui hata kupanda boti bila kushikwa mkono. Tulijuana kwenye harusi ya rafiki yangu, na mengine ni yetu wawili. Baada ya ndoa tulikubaliana kwamba mimi nibaki Kilindoni ambako mtandao ni wa uhakika, yeye akae Jibondo siku za shule na kurudi Ijumaa. Alipanga chumba kwa mjenzi mmoja wa majahazi na mkewe, watu wakarimu sana. Kila Ijumaa alivuka kwa boti mpaka Utende, upande wetu wa Mafia, na kutoka hapo bodaboda ikamleta nyumbani, nywele zimejaa chumvi na suruali imelowa magotini.

Kwa kuwa nilikuwa na kompyuta ya mezani ya kampuni, nilimpa ile mpakato yangu ya zamani aandikie kazi zake za shule. Aliishika kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani.

"Ina mambo yake," nilimwambia, "lakini mtazoeana."

Wiki ya kwanza alinipigia simu mara nyingi. Kioo ni cheusi mno, nje juani haoni kitu. Kitufe cha herufi kubwa hakileti herufi kubwa. Akibonyeza hiki, dirisha linaruka upande wa pili.

"Mke wangu, hii kompyuta imelelewa vipi?"

"Imelelewa vizuri. Wewe ndiye mgeni."

"Basi imfundishe mgeni adabu taratibu."

Nilicheka, nikamwahidi kwamba Ijumaa nitaitazama. Ijumaa alikuja na tukawa na mengine ya kutazama, nikasahau.

Wiki iliyofuata aliandika jaribio la hesabu la darasa la sita. Mume wangu huandika kwa vidole viwili, macho kwenye kibodi, na siku hiyo alikuwa amekaa barazani na jua linapiga kwenye kile kioo cheusi. Alipomaliza hakusoma tena. Aliweka kwenye flashi, akampa mtu wa boti, jaribio likachapwa stationari huku Kilindoni na kurudi Jibondo ndani ya mfuko wa plastiki, juu ya madumu ya maji ya kunywa. Lilifunguliwa mbele ya darasa.

Aliponisimulia baadaye alisema kwanza darasa lilikuwa kimya, kimya kizuri cha mtihani. Kisha wakaanza kutazamana. Kisha binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hii ni mada mpya?"

"Mada gani?"

"Hapa pameandikwa, 'Mstatili una urefu wa sindano ya mtoto 8 na upana wa sindano ya mtoto 5. Tafuta eneo lake.'"

Mume wangu aliichukua karatasi. Swali la pili liliuliza: boti iliyosafiri kadi ya mama 12 kwa saa moja, itasafiri kadi ya mama ngapi kwa saa tatu? Kila alipoandika sentimita kwa kifupi, yaani sm, na kilomita, yaani km, kompyuta yangu ilimmalizia kwa uaminifu wote iliyokuwa nao. Karatasi nyingine hakuwa nayo, na kuchapa upya kulimaanisha kusubiri boti.

"Ukafanyaje?" nilimuuliza.

"Nikawaambia waendelee. Ningefanyaje?"

Wakaendelea. Na alipokaa kusahihisha aliona jambo lililomfanya afunge mlango wa ofisi ili acheke peke yake. Watoto wengi walikuwa wamepata. Wameandika, kwa mwandiko mzuri, kwamba eneo ni sindano ya mtoto za mraba 40, na kwamba boti itasafiri kadi ya mama 36. Mmoja tu alikuwa ameongeza chini, "Mwalimu, hizi kadi ni nyingi kwa boti moja."

Mwalimu mkuu, mama mmoja mpole wa Iringa ambaye hacheki ovyo, aliona karatasi hizo mezani. Alisoma ya kwanza, akasoma ya pili, akavua miwani.

"Mwalimu," alisema, "mimi nimefundisha muda mrefu. Boti inayosafiri kadi ya mama sijawahi kuiona."

"Ni kompyuta ya mke wangu, mwalimu mkuu."

"Basi mpe shemeji salamu zangu. Mwambie watoto wamefaulu."

Ijumaa hiyo alikuja na karatasi chache za kunionyesha. Nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni, naye akasimama mbele yangu akijaribu kukasirika, ikamshinda. Lakini nilijua sasa lazima nishughulike. Watu wawili walikuwa wanatumia mipangilio ya mtu mmoja, na hata mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kupata taabu: nikibadilisha kitu kwenye kompyuta ya mezani, mpakato haijui, nikigusa mpakato mwishoni mwa wiki, nashangaa mbona haifuati.

Jumamosi tulikaa mezani wote wawili. Nilikusanya zile faili zangu zote za nukta, ambazo zilikuwa zimetapakaa huku na huku ndani ya mashine, nikaziweka kwenye folda moja. Pale zilipotoka niliacha viungo tu, ili programu ikienda kutafuta faili yake mahali pa zamani ielekezwe kwenye folda. Kisha folda yenyewe nikaiweka chini ya programu inayotunza historia ya mabadiliko, yaani kila unachobadilisha kinaandikwa na ukitaka kurudi nyuma unarudi, na nakala yake nikaipandisha kwenye mtandao. Kompyuta yoyote ikitaka kuwa kama nyingine, inashusha mapya ya mwenzake na kupandisha ya kwake.

"Kwa hiyo ukibadilisha wewe huku, mimi kule nabadilika?" aliuliza.

"Ukishusha. Usiposhusha hubadiliki."

"Na sindano za mtoto?"

"Hizo zinabaki kwangu." Nikamwonyesha: nimegawa folda sehemu tatu, ya pamoja, ya kwangu, na ya kwake. Vifupisho vya kliniki viliingia sehemu yangu. Kwenye sehemu yake tukaandika "sm" ibaki "sm" na "km" ibaki "km", akajaribu mara nyingi mfululizo kama mtu anayejaribu kufuli jipya.

Nilimfundisha amri mbili tu, ya kushusha na ya kupandisha. Jibondo mtandao ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo jioni akimaliza kazi alitembea na mpakato na simu mpaka upande wa ufuko unaotazama kisiwa kikubwa, akakaa juu ya gogo la mtu anayetengeneza ngalawa, akawasha intaneti ya simu na kutoa amri zake. Faili zenyewe ni ndogo, bando halikuhisi kitu. Mwenye gogo alimuuliza siku moja anawasiliana na nani kila jioni. "Na kompyuta ya mke wangu," alijibu, na yule fundi akatingisha kichwa akaendelea kuranda.

Tukaja kugongana kwenye rangi. Mimi nilikuwa nimeweka kioo cheusi kwenye sehemu ya pamoja. Yeye alikwenda kuweka cheupe, kwenye mstari uleule, siku ileile ambayo mimi niliubadilisha kidogo kuongeza weusi. Programu ilipokutana na mambo hayo mawili ilikataa kuchagua. Iliweka mstari wangu juu, mstari wake chini, katikati ikapiga alama, na kusema kuna mgongano, wenyewe tuamue. Nikampigia.

"Kwa nini umegusa rangi yangu?"

"Yako? Si iko kwenye ya pamoja?"

"Macho yangu yanaumia na cheupe."

"Na mimi huku nikiweka cheusi najiona mwenyewe kwenye kioo kama niko saluni."

Mwishowe tuliiondoa rangi kwenye sehemu ya pamoja, kila mmoja akaenda nayo kwake. Lakini ili nisije nikaifuta kwa bahati mbaya, aliacha ujumbe ndani ya faili. Mstari unaoanza na alama ya reli kompyuta haiusomi, unaandikiwa binadamu. Niliposhusha mabadiliko yake nilikuta: "# Mke wangu, mstari wa chini usiuguse. Bila huu sioni kitu juani."

Nikaandika chini yake: "# Sawa, bwana mkubwa. Umekula?"

Kesho yake nikakuta: "# Ugali na changu wa kukaanga. Wewe?"

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Simu tulikuwa nazo, tulikuwa tunapigiana, lakini ule mchezo ulikuwa na utamu wake. Unafungua faili ya kazi kutafuta mpangilio wa kibodi, unakuta mume wako amekaa katikati ya mistari. Aliniandikia kuhusu darasa, kuhusu mke wa mwenye nyumba aliyekuwa anamfundisha kupika pweza, kuhusu siku bahari ilipochafuka akabaki Jibondo Ijumaa nzima akiwa na hasira kama mtoto. Nami nilimwandikia ya Kilindoni, umeme ukikatika, ndizi zikiiva zote kwa mpigo, mama akiuliza mkwe wake anakuja lini.

Sasa hapo ndipo kazini akaajiriwa kijana mpya, huyo wa Mwanza. Alikuwa anahangaika kuweka kompyuta yake sawa, na kiongozi wetu akaniambia, "Dada, wewe una mipangilio mizuri iliyokamilika. Iweke kwenye hifadhi ya kampuni sote tuitumie."

Nilifurahi. Nilipitia folda kwa makini kuhakikisha hakuna nywila wala siri ya kazi iliyosahaulika humo. Nilitafuta nywila kila pembe. Alama za reli hazikunijia akilini hata kidogo, kwa sababu macho yangu yalikwisha kuzizoea kama unavyozoea picha ukutani. Nikapandisha, nikawapa taarifa, nikaenda kukuna nazi.

Kwenye kikao cha Jumatatu tulizungumza ya kazi mpaka mwisho. Kiongozi wetu akakohoa.

"Nina swali dogo kuhusu mipangilio ya dada. Nimefungua faili ya kibodi. Hapa katikati pameandikwa, 'Ijumaa ukija lete pweza mkavu, na ndevu usinyoe.' Hii ni amri ya nini?"

Nilitamani umeme ukatike. Siku hiyo haukukatika.

Wa Dodoma, mama wa makamo ambaye siku zote huzima kamera yake, aliiwasha kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na alikuwa anafuta machozi kwa kucheka. Kijana wa Mwanza akasema kwa sauti ya unyenyekevu kabisa, "Mimi nilishachukua faili zote dada, na kompyuta yangu inafanya kazi vizuri sana. Sasa nilitaka kujua, na mimi nisinyoe?"

Nikajifunika uso kwa mtandio. Niliposema kwamba ni mume wangu, yuko Jibondo, na tunaandikiana humo, kiongozi akasema, "Basi msifute."

Nilifuta hata hivyo, haraka. Lakini programu ya historia haisahau. Atakayetaka kurudi nyuma atayakuta yote, pweza na ndevu. Jioni nilimweleza mume wangu kwenye simu.

"Kwa hiyo Mwanza wanajua habari za ndevu zangu."

"Na Dodoma."

"Wanazisemaje?"

"Wanataka kujua kama ulinyoa."

Alicheka mpaka nikamsikia mke wa mwenye nyumba akiuliza kulikoni. Juma lile, kwenye faili ya pamoja ya kampuni, nilikuta mstari mpya ambao si wangu. Mama wa Dodoma alikuwa ameongeza: "# Leo nimepika makande. Nani mwingine amekula?" Chini yake wa Mwanza ameandika sato. Kiongozi wetu, mtu wa vikao na ratiba, ameandika chai tu, na mama wa Dodoma akamgombeza mstari uliofuata. Kabla ya hapo tulikuwa watu wanaotumiana kazi. Tangu hapo nikisikia umeme umesumbua Dodoma namwulizia yule mama hali yake.

Mwaka jana nilijifungua mtoto wa kike, nikahamia kwa mama Miburani kama desturi, nipumzike na kukandwa. Kompyuta niliiacha Kilindoni na sikuikumbuka. Ile mpakato ya Jibondo nayo ilikuwa imekwisha kabisa, chumvi imeila ndani kwa ndani mpaka siku moja haikuwaka. Mume wangu, akiwa likizo, alipata nyingine iliyotumika kwa mtu aliyekuwa anahama, akakaa nayo nyumbani peke yake. Alinipigia alasiri, mtoto akinyonya.

"Nimeshaweka ile programu ya historia. Sasa naandika nini?"

Nilimtajia amri, herufi kwa herufi. Mama alikuwa pembeni akimenya mihogo, ananisikiliza nikisema nukta, alama ya mkwaju, nukta tena.

"Inashusha," alisema. "Inashusha. Imesimama."

"Inasema nini?"

"Inauliza mimi ni nani. Kama ni mimi au ni wewe."

Hilo nililiweka mwenyewe, ili kompyuta mpya ijue ichukue sehemu ya nani. Nilikuwa nimelisahau.

"Iambie wewe ni wewe."

Nikasikia vitufe vikibonyezwa, halafu kelele kama za mtu aliyefunga goli. Kila kitu kilikuwa mahali pake: herufi zake kubwa, madirisha yake, vitufe vyake. Hakuna alichokosa, na mimi sikuwa nimegusa hata kitufe kimoja.

"Mama," nilimwambia mama yangu, "mkwe wako ameipanga kompyuta mwenyewe."

"Ilikuwa imevurugika?"

"Hapana, ni mpya."

"Mpya nayo inapangwa," alisema, akaendelea na mihogo yake.

Kesho yake alikuja, kompyuta ameikumbatia kifuani ndani ya mfuko, hata hodi aliipiga kwa kiwiko. Alimwamkia mama shikamoo na kabla marahaba haijaisha alikuwa ameshaanza kufungua mfuko anionyeshe. Mama alimpokonya kompyuta mikononi, akaiweka juu ya kabati, akaifunika kanga, na mahali ilipokuwa kompyuta akamwekea mtoto.

"Hiyo haikimbii," alisema. "Mshike huyu, mama yake ale."

Alikaa mkekani ameshikilia mtoto kwa mikono miwili, ananieleza kwa macho na kidevu jinsi ile mashine ilivyoshusha faili zote bila kusita, kwanza hizi, kisha zile, na alipofika kwenye sehemu tamu ya hadithi mtoto akamkojolea. Hakunyanyuka. Alitazama shati lake, akamtazama binti yake, akamalizia alichokuwa anasema.